Maiti Aliyekimbia Mvua

Kwenye Probox ya abiria iliyotoka Boito, Wambugu, mpiga video wa harusi, alipakata kamera yake kubwa kama mtoto mchanga. Chepngeno, mchuma chai aliyeketi kando yake, alikuwa akimwonyesha kwenye simu filamu aliyotengeneza na majirani. Humo, katikati ya mazishi ya kuigiza, mvua ya kweli ilianza, na maiti akaamka akasaidia kubeba viti.

“Hapo mngerudia, mama,” Wambugu akasema, kwa sauti ya mwalimu. Lakini wivu ulikuwa wake mwenyewe.

“Turudie ya nini? Tulibadilisha hadithi. Sasa ni maiti anayependa kazi.”

“Na nani aliwaruhusu?”

“Kwani wewe, bwana kamera, unaruhusiwa na nani?”

Wambugu akaitazama kamera yake. Jumamosi iliyopita alikuwa amemnasa bibi harusi akicheka na ndizi mdomoni, picha tamu kuliko zote, na shangazi za bibi harusi wakamwambia aifute. Akaifuta.

“Halafu maiti wenu anapumua. Naona tumbo likipanda na kushuka.”

“Tunatafuta mwingine. Huyo amepata kazi Londiani.”

Gari likasimama kwa steji ambapo Wambugu alipaswa kushuka. Dereva akamwita mara mbili, lakini hakushuka.

“Mimi,” akasema, akivuta kitambi ndani, “naweza kuzuia pumzi muda mrefu sana.”