Mstari Usiopita Usoni

Ijumaa hii, tarehe 28, saa tisa alasiri, Mzee Nyuzi atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kumbukumbu, ghorofa ya kwanza, mlango wa pili kushoto. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu inatazamana na yake. Na pia, kama alivyosema Mama Mapokezi, kwa sababu niliolewa wiki saba tu zilizopita na siku hizi naweza kulia na kucheka kwa pamoja bila kuombwa.

Alianza kazi akiwa mpanga mafaili. Skana ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliikimbia, yeye akaivutia kiti. Tangu hapo kadi za wakazi zimepita mikononi mwake moja moja, na kama umewahi kuja dirishani kwetu kuomba nakala, basi umewahi kushika kazi yake hata kama hukumwona.

Jina la Nyuzi alipewa kwa sababu ya pembe. Kitu kilichoinama hakimpi usingizi. Katikati ya kikao kimoja, mkuu wa idara akiwa anasoma malengo ya mwaka, Mzee alinyanyuka, akaenda ukutani, akaisogeza saa kidogo kwa kidole, akarudi kukaa. "Nyuzi mbili tu, mkuu, endelea," alisema. Mkuu aliendelea, lakini nani alikuwa anasikiliza tena? Hata mkate wake huukata kona kwa kona, na pole yako ukimwambia kipande kimoja ni kikubwa kuliko kingine.

Lakini kazi tunayomshukuru zaidi ni ya mistari.

Mtu anapofariki, kadi yake hufungwa. Juu ya picha yake ya skana huchorwa mstari, ili asije mtu akaitumia kadi ya marehemu. Zamani ilikuwa alama kubwa ya X, karatasi nzima. Siku moja, kabla wengi wetu hatujaajiriwa, mwanamume mmoja alikuja kuomba nakala ya kadi ya mama yake. Hakuwa na picha yake nyingine. Alipopewa, X ilikuwa imekata macho. Mzee Nyuzi alimwona kupitia dirisha akiifuta ile alama kwa kidole gumba, taratibu, kana kwamba ni vumbi.

Kesho yake alikuja na mkebe wake wa hesabu wa sekondari, wenye rula na kipimapembe. Kwenye kadi zetu picha iko juu kushoto na jina liko chini kulia, na kati yao pana njia. Aligundua kuwa mstari mmoja ukianzia kushoto chini ya picha na kupanda kwa nyuzi thelathini, unapita katika njia hiyo bila kumgusa mtu. Kadi inabaki imefungwa, na uso na jina vinabaki vizima. Tangu siku ile hakuna X iliyochorwa chumbani kwetu.

Nami alinifundisha. Picha ya skana ni nukta nyingi zilizopangwa kwa safu, na kila nukta ina namba mbili, moja ya kwenda kulia na moja ya kushuka chini. Mstari wa nyuzi thelathini hupanda nusu ya urefu wake, kwa hiyo mstari wa nukta elfu moja unapanda mia tano. Rahisi, nilijiambia. Siku yangu ya kwanza nilianzia nukta ya mia tisa, nikajumlisha mia tano, nikabonyeza. Mstari ukapiga mbizi, ukamkata fundi cherehani mmoja jina lake katikati. Nilitamani sakafu inimeze. Mzee alifuta mstari, akagusa kona ya juu ya skrini yangu, akasema, "Sifuri iko huku juu, binti. Kwenye picha, kupanda ni kutoa." Kisha akaweka utaratibu tunaoufuata hadi leo: kabla ya kubonyeza, anayechora anasoma namba zake kwa sauti na mwenzake anasikiliza. Hakusema ni kwa ajili yangu. Wote walijua.

Siwezi kumwandika yeye nisimwandike mkewe. Kila siku saa nne asubuhi mkewe alipiga simu ya mezani kwake, na Mzee alisimama kabla ya kuipokea, kana kwamba mgeni ameingia mlangoni. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya vitunguu, fundi bomba, na nani atampitia mjukuu shuleni. Nilipochumbiwa nilimwambia mchumba wangu, sasa mume wangu, mwanga wa macho yangu, kwamba sitaki makubwa. Nataka tu asimame simu yangu ikilia. Cheti chetu cha ndoa kilipita mikononi mwa Mzee. Alikaa nacho nusu saa nzima, akakirudisha kimenyooka kama kamba ya fundi mwashi. "Hata nusu nyuzi haipo," aliniambia. "Mengine mtanyoosha wenyewe."

Wakati ananitania hivyo, mkewe alikuwa na miezi mitano kaburini.

Kadi ya marehemu mkewe ilikuwa kwenye trei yake. Utaratibu hauruhusu mtu kufunga kadi ya ndugu yake, hivyo alitakiwa aikabidhi kwa mmoja wetu. Hakuikabidhi. Kila jioni trei ilibaki na kadi hiyo moja, na kila asubuhi aliweka nyingine juu yake. Tulijua, tukamwachia. Kisha ikaja taarifa: Jumatatu ijayo programu mpya inaanza, na kadi yoyote ya marehemu ambayo haijafungwa itafungwa yenyewe kwa mstari wa kona kwa kona, kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Ukiweka rula hapo utaona mwenyewe. Mstari huo unaanza na uso, unamaliza na jina.

Yaliyofuata ameniruhusu kuyaandika.

Jumatano ya wiki iliyopita asubuhi, saa nne kasoro, alikuja na kadi mkononi, akaiweka mezani kwangu. "Bibi harusi," alisema, "nifungie hii."

Niliifungua kwenye skrini, nikashangaa. Ilikuwa imeinama. Kadi iliyopigwa skana na Mzee Nyuzi mwenyewe, imeinama! Akanieleza. Mkewe alikuja kubadilisha kadi, akapanga foleni kama watu wengine, na alipofika mbele yake akamuuliza kwa ukali, "Kijana, unaangalia kadi au unaniangalia mimi?" Mzee alishusha kifuniko cha skana huku anacheka. Upande wa kulia ukashuka nyuzi nne.

Nikamuuliza kama niinyooshe kwanza.

"Ukiinyoosha nitakushtaki kwa mkuu," alisema. "Fuata mwinamo wake." Akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo.

Nikatoa nyuzi nne kwenye thelathini, zikabaki ishirini na sita. Nikatafuta kwenye jedwali: mstari wa elfu moja utapanda mia nne thelathini na nane. Macho yalikuwa yamejaa maji, namba zinaogelea. Nikasoma kwa sauti kama alivyotufundisha: kuanzia mia tisa, kuishia elfu moja mia tatu thelathini na nane.

Mzee hakugeuka.

"Kupanda, binti," alisema akiangalia nje. "Kupanda ni nini?"

"Kutoa, baba."

"Basi toa."

Mia nne sitini na mbili. Nilisoma tena, akaitikia kwa kichwa, nikabonyeza. Mstari ulianzia chini ya picha, ukapita juu ya jina bila kuligusa, ukaenda zake. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Mama yule alikuwa ametukazia macho kutoka kwenye skrini, midomo imebanwa, kama mtu anayejizuia kucheka.

"Umempita vizuri," alisema Mzee. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kamili. Bado alikuwa amesimama.

Jana alikuja kwa mlango wa nje. Alipanga foleni nyuma ya watu sita, mkongojo wa mmoja wao ukimkanyaga mguu, na zamu yake ilipofika akajaza fomu ya kuomba nakala. Mahali pa kuandika uhusiano na mwenye kadi aliandika: mume. Mama Mapokezi, ambaye ana utani kwa kila mtu, alimpa nakala kwa mikono miwili. Mzee aliitazama pale pale dirishani. Kidole gumba chake kilipita kwenye karatasi, na hakikuwa na cha kufuta.

Mzee wetu, asante kwa miaka thelathini na mmoja na kwa nyuso zote ulizoziacha nzima. Mkuu ameahidi kuwaomba watengenezaji wa programu waifundishe njia yako. Mpaka waifundishe, tumekubaliana kwamba hakuna kadi itakayovuka Ijumaa kwenye trei zetu, na namba tutaendelea kusomeana kwa sauti. Nenda nyumbani salama, baba, ukale mkate wako kona kwa kona na mjukuu wako. Siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Na kila asubuhi saa nne, simu ya mezani kwako ikilia, sisi tutasimama.