Mtu wa Mia Mbili na Hamsini

Honi ililia mara moja tu, usiku, ng'ambo ya korongo, na kijiji kizima kikaamka. Lilikuwa basi la kwanza kufika kwa wenzetu wa mlima wa pili. Asubuhi benchi la Motiram mpika chai lilijaa kabla ya jua kutoka, tukaitazama barabara yao mpya, nyekundu, ikipanda na kupinda hadi mawinguni. Kwetu Silkhola, kufika kwenye lami ni saa nne kwa miguu, na mgonjwa hubebwa kitini na wanaume wanne. Ofisi imetuambia: fikisheni watu mia mbili na hamsini, mpate barabara. Pratibha, binti aliyetumwa kutuhesabu, leo mchana anaondoka na daftari lake.

— Amefikisha wangapi? akauliza Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki.

— Mia mbili arobaini na tisa, akajibu Hesabu, mwalimu mstaafu. Nimechungulia daftari.

— Mmoja tu? Kweli, mmoja?

— Mmoja, ndugu yangu.

Redio akapiga benchi kofi.

— Basi aandikwe mtoto wa jirani yetu Hema. Tumbo lile halifichiki.

— Hajazaliwa, bwana!

— Anapiga mateke! Asiyekuwepo anapiga mateke?

— Na mungu wetu wa hekaluni je? akadakia Motiram. Ana shamba kwa jina lake. Ana kesi mahakamani. Mwenye kesi si mtu?

— Hapo sasa! akasema Redio. Basi na nyati wangu aandikwe. Ana akili kukuzidi, Motiram.

— Anamzidi hata mwenye nyati, akasema Hesabu.

Tulikuwa bado tunacheka Pratibha alipotokea, viatu mkononi, matope hadi magotini.

— Kaka zangu, nyumba ile ya juu kabisa kuna mzee amelala, kiharusi kimemfunga ulimi. Anaitwa nani?

— Mzee Askari! tukajibu kwa pamoja.

— Askari ni kazi. Jina lake?

Hakuna kati yetu aliyelijua. Motiram akamtazama Redio, Redio akaitazama birika. Mzee alirudi kutoka jeshini sisi tukiwa watoto wa kukimbia uchi, na tangu siku hiyo akawa Askari.

— Vyeti vyake?

— Maporomoko yalibeba sanduku zima, mwaka juzi.

— Watoto?

— Hawakujaliwa.

— Nimemwuliza mkewe, akatikisa kichwa tu.

— Lazima atikise, dada. Mke akitamka jina la mume anampunguzia siku za kuishi. Bibi Dhanuli ana miaka hamsini na mbili ya ndoa, hajalitamka.

— Mama yangu naye ni hivyohivyo, akasema Pratibha taratibu. Lakini asiye na jina siwezi kumwandika.

Ndipo tukamwona Bibi Dhanuli mwenyewe akishuka kwa fimbo, hatua moja, pumzi moja. Tukasimama wote.

— Mjukuu wangu, akamwambia Pratibha, barabara ikija, gari la wagonjwa litafika mlangoni kwangu?

— Litafika, bibi.

— Na nikinyamaza?

Pratibha akatazama chini.

— Halitafika.

— Mwezi uliopita niliomba wanaume wanne wambebe. Vijana wote wako mijini kwenye viwanda. Walipatikana wawili.

Hakuna aliyemwangalia usoni.

— Miaka hamsini na mbili nimemtunzia siku zake. Sasa zinamwishia kitandani, nami nimefunga mdomo.

Akavuta mtandio ukamfunika uso, akageuka kuielekea nyumba yake kule juu. Chai ilichemka ikamwagikia motoni, Motiram hakusogea. Redio alikuwa ameshika masikio yake kwa mikono miwili, kama mtu anayetubu mbele ya madhabahu. Midomo ya bibi ilitikisika mara mbili bila sauti.

— Andika, mjukuu wangu, akasema. Kharak Singh.