Mama Ukinzani wa Tanuri la Pili

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupanda ngazi, kufungua masanduku ya swichi na kutugombeza, fundi umeme mkuu wa kiwanda chetu cha mikate anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Humu ndani hakuna anayemwita kwa jina lingine ila Mama Ukinzani, na yeye huitika bila kinyongo.

Alianza kama msaidizi wa fundi, enzi ambazo karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya unga. Wakubwa wake walizoea kumpa kazi ya kushika ngazi. Akashika, akashika, mwisho akapanda. Nyaya za matanuri yote manne na mashine za kukandia unga amezifunga kwa mikono yake, na mpaka leo ukizima taa zote anajua swichi ipi iko wapi.

Jina lake lina maana mbili. Kwa mafundi, ukinzani ni ile hali ya waya au koili kuuzuia umeme usipite kirahisi. Kwa sisi wengine, ukinzani ni upinzani tu, na ubishi juu yake. Mama anao wote wawili: wa kwanza anaupima kwa mita, wa pili kazaliwa nao. Vikaoni, meneja akishasema tumekubaliana, macho yote humgeukia yeye, na kweli, mkono uko juu.

Somo lake halijabadilika tangu tumjue. Anataka vipimo viwili tu: volti zinazosukuma umeme na ampea zinazopita. Gawanya volti kwa ampea, umepata ukinzani. Zidisha hizo hizo, umepata nguvu kwa wati. Amemfundisha kila mtu, hata mlinzi wa geti, ambaye siku hizi haliachi birika la umeme lipite bila kukagua wati zake. Ofisi ya uhasibu ilipochomeka birika, pasi na feni kwenye soketi moja, alizidisha mbele yao papo hapo, akaondoka na pasi. Hatujajua mpaka leo nani alikuwa anapiga pasi ofisini.

Nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: kuoka hajui. Aliwahi kufungua mlango wa tanuri ili apime joto, keki za watu zote zikanywea. Mpishi wa keki alimnunia wiki nzima.

Sasa niseme lililonifanya niombe mwenyewe kuandika wasifu huu. Mimi ni mwokaji wa Tanuri la Pili. Kuna mwaka mikate yangu ilianza kutoka juu imeiva, chini mbichi. Wateja wakairudisha. Msimamizi akashikilia kwamba naitoa mapema ili niwahi nyumbani, nami nikaapa mpaka sauti ikakauka. Mke wangu alikuwa mjamzito, siku zimemkaribia, na mimi nimeambiwa Ijumaa ndiyo mwisho wangu. Jamani, mwokaji mzima nimwage unga! Niliogopa, sifichi.

Mama alipopata habari hakunipa hata pole. Alikuja na mita yake, akapima koili ya chini, ule waya wa kupasha moto. Volti zilikuwa 240, sawasawa. Ampea, ambazo zilitakiwa kuwa 20, zilikuwa 15. Akapiga hesabu kichwani, akaenda kuandika kwa chaki kwenye ubao wa karakana: Ukinzani Tanuri la Pili, ulikuwa 12, sasa 16. Kisha akaingia stoo kutafuta koili mpya.

Afisa utumishi wetu, wakati huo bado mgeni kabisa, akapita na kuusoma ubao. Lo! Maskini akaelewa kwamba watu kumi na wawili walikuwa wakipinga kufukuzwa kwangu, na sasa wamefika kumi na sita. Akatoka mbio kwa meneja. Kabla ya chai tukaitwa wote bwaloni, meneja akatuhutubia juu ya amani na maelewano, akawasihi wale kumi na sita wajitokeze, hakuna atakayeadhibiwa. Tukaanza kuhesabiana. Tanuri la Pili lina waokaji watatu.

Mama akanyoosha mkono, kama kawaida yake. Akaeleza kuwa hao kumi na sita ni omu, kipimo cha ukinzani, na wote wamo ndani ya koili. Bwalo zima likaangua kicheko, meneja mwenyewe akatoa leso. Mama peke yake hakucheka. Alieleza kwamba koili nzima, 240 mara 20, hutoa wati 4,800. Hii iliyochakaa, 240 mara 15, inatoa 3,600. Robo ya moto imepotea, akasema, halafu anasakamwa mtu ambaye moto wenyewe hajapewa. Kama lazima kitu kiondoke Ijumaa, basi iondoke koili.

Ikaondoka siku ile ile. Mikate ya jioni ilitoka imeiva pande zote, na msimamizi akaniomba radhi mbele ya zamu nzima. Afisa utumishi ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe hii ya kumuaga Mama, na amenipa ruhusa kuyasimulia haya, mradi nisitie chumvi.

Mumewe Mama, fundi cherehani, alitunong'oneza akiuliza kama haiwezekani mkewe aongezewe mwaka mmoja, maana tangu aanze likizo ya kustaafu pasi ya dukani inapimwa kila asubuhi. Shemeji, pole sana, sasa ni zamu yako.

Mama, siku ile ulirudi karakana kabla sijapata la kusema, na kila nikitaka kulianza unanituma spana. Leo umekalishwa kiti cha mbele na huna pa kunituma. Kiwanda kizima kinakushukuru, nasi sote tunakuombea mapumziko mema, afya tele na miaka mingi ya furaha. Nami nakushukuru kwa niaba ya mke wangu, na ya binti yetu, aliyezaliwa wiki ile ile akamkuta baba yake bado ana kazi.