Jembe la Kijitoni, Jembe la Kaburini

Sogeeni, wanangu. Na wewe Fyatua usisimame mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba, ingia ukae hapa kitandani, miguuni pangu, maana maneno haya ni yako kuliko ya dada yako. Msinikatize, pumzi zenyewe ni za kuokoteza. Na msilie sasa, hayo machozi yawekeni akiba.

Mimi nimekuwa dobi tangu sijaolewa, na nguo za mtaa huu zote zimepita mikononi mwangu, hata siri za mashuka yao ninazo na nitaondoka nazo. Mnajua kijito hiki kilivyokuwa kimeoza, magodoro, nepi, matumbo ya ng'ombe kutoka bucha, mpaka watoto wa mtaa mzima wakawa wanaharisha, ndipo fundi viatu akatuita kibarazani kwake tukakubaliana: kila Jumamosi kila nyumba itoe mtu na jembe, ukingoni tupande matete, maji ya kumwagilia yaende kwa zamu, wa juu asimnyime wa chini, na sabuni isiingie kijitoni. Hiyo ya sabuni ilinilenga mimi. Nilinuna weee, halafu nikayapandisha mawe yangu ya kufulia huku uani, nikawa nabeba maji kwa ndoo, na mgongo huu mnaouona umepinda ndio ulioilipia sheria ile. Kwa hiyo siku niliposimama nikasema kwamba atakayekiharibu kijito tusimshikie jembe kwenye kaburi la mtu wake, hakuna aliyecheka. Wote waliitikia.

Mwenye bucha alidhani natania. Mama yake alipofariki, ni mimi niliyesimama njia panda nikawarudisha wanaume nyumbani na majembe yao mabegani, akachimba yeye na shemeji yake mpaka viganja vikachubuka. Yule mama hakuwa amemkosea mtu. Lakini matumbo hayakumwagwa tena, na leo mwenye bucha ndiye wa kwanza kufika Jumamosi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wanangu, sasa umenigeukia mimi.

Maana kiangazi hiki wewe, Fyatua, umejenga tuta kule juu, maji yote yanaingia kwenye shimo lako la matofali, na huku chini kumebaki tope. Mchicha wa fundi viatu umekauka wote. Majirani wamekujia kwa upole ukawaambia ardhi ni ya marehemu baba yako. Nikakuita mimi, ukaniambia, "Mama, oda ikiisha nitabomoa." Oda haijaisha, mimi naisha.

Nani amekuja kunijulia hali? Jana fundi viatu alifika, akasimama hapo nje, hakuvuka kizingiti. "Pole, Mama Povu," akasema, "lakini sheria uliitoa mwenyewe." Nikamwambia asante, na asije akailegeza kwa ajili yangu. Alipoondoka nililia, dada yako ni shahidi. Naogopa. Kufa siogopi, nimeuchoka mgongo huu. Naogopa kubebwa na vibarua wasionijua, na wale niliowafulia nguo za harusi na za msiba wakinichungulia madirishani.

Unasema utakodi watu. Utakodi na wa kulia? Damu ni nzito kuliko maji, umeniambia juzi. Haya, wanao wakishikwa na kiu wape damu wanywe. Mchuma janga hula na wa kwao, na huyo wa kwao ndiye mimi niliyelala hapa.

Nyumba hii ni yenu wawili, msije mkaigawa kwa ukuta. Pasi ya mkaa na mawe ya kufulia ni ya binti yangu, ingawa anaunguza kola. Na ule ukanda wa ukingoni, kuanzia kwenye matete mpaka kwenye shimo lako, haukuwa wa baba yako, niliununua mimi kwa mikono hii, na nimewaachia wakazi wote, fundi viatu nimeshamwambia. Nikasirikie sasa, nikiwa bado naweza kukutazama. Nakupenda, wewe ndiye uliyenifanya niitwe mama, lakini siwezi kukuachia udongo wa kuua mtaa.

Wewe nimekuachia jembe langu, lile la nyuma ya mlango, lenye mpini uliofungwa kamba. Lichukue sasa hivi, upite nalo katikati ya mtaa watu wakuone, ukabomoe tuta. Usibishe hodi kwa mtu kuomba nizikwe. Maji ndiyo yatangulie kupita kwenye milango yao. Na kama maji yatafika na bado wasije, basi chimbeni ninyi wawili, msimnunie mtu, na Jumamosi mwende kijitoni kama kawaida...

Mbona kitanda kimekuwa chepesi? Ametoka? Angalia nyuma ya mlango, binti yangu. Jembe lipo?

Halipo, eeh.

Mungu amtie nguvu. Tuta lile ni gumu, amelishindilia vizuri, mwanangu hajui kufanya kazi ovyo. Asipungukiwe na riziki, umwambie nimesema hivyo. Na wewe, mwanangu, upate wa kukufulia siku utakapochoka. Upendwe... Nipe maji kidogo. Yamebaki hayo tu? Basi yaache, utakunywa wewe.

Fungua dirisha la uani. Zamani nikilala hapa nilikuwa nayasikia maji ya kijito yakigonga mawe. Unasikia kitu? Mimi sisikii. Usinidanganye kwa huruma, ukisikia ndipo useme. Shika mkono wangu... tungoje. Dirisha... usilifunge.