Herufi Mbili za King'ora cha Bondeni

Mheshimiwa Meya, Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, mafundi wenzangu mliobanana huko nyuma karibu na mlango, na ndugu wageni waalikwa: salaam.

Nimeambiwa niseme kwa ufupi, nishukuru, nikae. Nimeshukuru. Kukaa bado.

Mmenisifu kwamba kwa miaka thelathini na moja Mama Ving'ora hajakosa kuleta ripoti hata moja. Kweli. Lakini je, kuna aliyezisoma? Kila baada ya miezi mitatu nilipanda milingoti yote saba ya ving'ora vya mafuriko, nikaizungusha kila mota kwa mkono, kwa sababu taa ya kijani pale ofisini huonyesha tu kwamba umeme umefika. Haisemi kama mota imezunguka. Mota ya bondeni ilikuwa inanguruma bila kuzunguka, beringi zimeliwa na kutu, koili inanuka kuungua. Nikaandika: "Kimezima." Ofisi ikanakili: "Kizima."

Msicheke. Herufi mbili zilidondoka mezani, na king'ora kibovu kikapona kwenye makaratasi. Nilipokwenda kulalamika, karani alinitazama juu ya miwani: "Mama, si taa inawaka? Unataka nini tena?" Nikamwambia nataka mota. Akanipa fomu. Ikarudi na muhuri: kifaa ni kizima. Nikajaza tena, na tena. Mara ya nne nikajibiwa: "Limeshughulikiwa." Nami, kwa ujinga wangu, nikaamini. Nikampigia simu dada yangu mkubwa aliyekuwa akiishi kule bondeni: dada, king'ora chenu sasa kinalia, ukikisikia tu toka.

Wiki iliyofuata, kabla sijapanda kukikagua, mto ukafurika mchana kweupe. Kitufe kikabonyezwa, taa ikawaka kijani, watu wa ofisini wakashusha pumzi. Dada yangu alikuwa kwenye cherehani, anamalizia sare za shule. Jirani akamgongea atoke. Akamjibu, "Bado, jamani. Mdogo wangu ndiye fundi, na king'ora hakijalia." Tulimtoa kwenye matope siku ya pili yake.

Nina hasira, na keki hii haitaipoza. King'ora cha shuleni nacho kimezima. Nimeandika kwa herufi kubwa, nakala iko mbele yako, Mkurugenzi. Kabla hujanikabidhi hicho cheti, panda ngazi ukaishike ile mota kwa mkono wako mwenyewe.

Asanteni kwa kunisikiliza. Dada yangu naye alisikiliza, mpaka maji yakamfika shingoni.