Wimbo wa Mwisho wa DJ Kinu

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliotoka mbali na karibu, poleni kwa msiba na poleni kwa jua hili. Mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu baba amesema sauti haimtoshi, wifi yangu mjane amekataa, na Waya, aliyefanya kazi na marehemu miaka yote, amesema akishika maikrofoni atalia tu. Nitasoma taratibu, na mwishoni nitawaambia familia imeamua nini kuhusu wimbo ambao marehemu hakuumaliza, maana najua mmekuwa mkinong'ona juu ya jambo hilo tangu tuanze kukaa msibani.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la DJ Kinu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, mwendesha mashine ya kusaga nafaka, na mama yetu, aliyetutangulia mwaka 2015. Nyumba yetu ilichangia ukuta na mashine, vikombe vilitembea vyenyewe mezani, na hata kuombana chumvi ilibidi mpaze sauti kama mnaogombana. Katika kelele hizo marehemu alilala fofofo, lakini mashine ikizima tu, alifumbua macho na kuangua kilio, kiasi kwamba siku zisizo na wateja mama alimwomba baba awashe mashine isage hewa, na baba, huku akilalamika kwamba anamaliza dizeli kwa ajili ya mtu asiye na hata jino moja, aliiwasha.

Alianza shule ya msingi Januari 1986, akiingia darasani na unga kwenye nywele, ndipo wenzake wakambandika jina la Kinu, akaendelea hadi sekondari, ambako alijulikana zaidi kwa kugonga dawati kuliko kwa kuliandikia, akamaliza mwaka 1997 na matokeo ambayo familia tumekubaliana tusiyasome hapa.

Mwaka 1998 baba alimkabidhi ufunguo wa mashine, akitegemea kwamba kazi imepata mrithi, naye akaushika kwa miezi kadhaa, akaurudisha kwa mikono miwili na kwa adabu zote, akaenda kwa fundi redio kujifunza kazi. Jambo hilo lilimuuma baba, tusidanganyane, na kwa miaka mingi alikuwa akiuliza ni kazi gani ya mtu mzima hiyo ya kubonyeza vitufe, wala hakuwahi kukanyaga ukumbi wowote alimopiga mwanawe. Huko kwa fundi redio ndiko marehemu alikokutana na Waya, wakapanga chumba nyuma ya saluni, wakabandika trei za mayai ukutani, wakanunua kompyuta ya mtumba ambayo haikukubali kufanya kazi mpaka ivuliwe kifuniko na kupulizwa na feni.

Nyimbo zake nyingi hazikuwa na mwimbaji, zilikuwa ni milio aliyoinasa mwenyewe mitaani, mlango wa bati, ndoo, pampu ya maji, akaikatakata na kuipanga kwenye kompyuta hadi ikachezeka, na katika kila wimbo palikuwa na mahali ambapo kila kitu kilinyamaza ghafla, kabla ya mdundo kurudi. Ukimya huo ulimpa taabu, kwani mwaka 2003, wimbo wake ulipopigwa redioni kwa mara ya kwanza, mtangazaji alidhani sidii imekwama, akaingiza tangazo la sabuni, na safari ya pili wakaukata ukimya wote wakaunga vipande, marehemu akauchukua wimbo wake akaondoka nao. Kumbini mafundi mitambo walikuwa wakikurupuka kukagua nyaya, mpaka wachezaji wenyewe wakazoea, wakawa wanasimama wameinua mikono, wakisubiri. Ukimuuliza kwa nini anajitafutia lawama, alijibu kwamba watu husikiliza kweli pale kelele zinapokoma, basi, akarudi kwenye vitufe vyake.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na fundi cherehani wa duka la jirani, ambaye siku ya kwanza alimfuata kumgombeza kwamba mdundo unampindishia mshono, naye badala ya kuomba radhi akamwomba ruhusa ya kurekodi cherehani yake. Wifi husema wenzake walitongozwa kwa maua, yeye kwa maikrofoni. Walijaliwa binti mmoja mwaka 2012, ambaye, tofauti na baba yake, hulala pakiwa kimya.

Mwezi Mei mwaka huu marehemu alikwenda kwa baba na maikrofoni, akamwomba awashe ile mashine ya zamani iliyolala miaka mingi, na baba akamuuliza kama bado anataka kubembelezwa, lakini akaiwasha. Juni madaktari walikuta uvimbe kwenye kongosho, akafanyiwa upasuaji, akawa anaingia na kutoka hospitali, huku akiwalalamikia wauguzi kwamba kifaa kilicho kando ya kitanda chake kinakosea mdundo. Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024.

Ameacha wimbo unaoanza na mashine ya baba, unapanda, unafika kwenye ukimya, na hapo ndipo alipoishia, hakuna kinachorudi. Waya alitaka kuumalizia ili rafiki yake asikumbukwe kwa wimbo nusu, wifi akasema hakuna mkono mwingine utakaouingilia, na watu wawili waliomuuguza pamoja wakafika mahali hawasalimiani. Juzi Alhamisi baba aliomba apelekwe studio, tukampeleka mimi na wifi, akaketi kwenye kiti cha mwanawe, Waya akamvalisha hedifoni, akasikiliza macho yakiwa sakafuni, na mashine ilipozima Waya akanyoosha mkono kumwekea ule mwisho aliokuwa ameutunga, baba akamshika mkono. Akasema, acheni hapo hapo, hapo ndipo mwanangu alipokuwa akiamka. Mimi nililia, sitaficha, na wifi na Waya wakakumbatiana.

Kwa hiyo wimbo utapigwa leo kama alivyouacha, na utakapokatika msidhani umeme umekwenda, na wewe kijana wa mitambo, nakuona, usiguse kitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyekubali kupunguza sauti ya kile kifaa, majirani wa saluni waliovumilia kutikisiwa vioo, wenzake wa kazini, na Waya, ambaye kuanzia leo ni mtoto wa nyumba hii.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, na mashine ikizima, uamke salama.