Tafuteni Rangi ya Bluu

Wasikilizaji wapendwa, leo sianzi na muziki. Nina hasira, na sitaificha. Mama Generosa wa kijiji cha Chimelela, upande wa Buigiri, amefariki dunia. Amefariki bila kurudishiwa jina la mtoto wake.

Narudia: jina la mtoto wake.

Mtoto huyo aliitwa Scolastika. Mwaka 1986 alishikwa na uchungu wa kuzaa, akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe apelekwe hospitali mjini. Akafia njiani, yeye na kichanga chake. Mama Generosa akatoa shamba lake la karanga, shamba zuri, kando ya barabara, ijengwe zahanati. Sharti lake lilikuwa moja tu: iitwe Scolastika. Kijiji kikakubali. Wanawake walibeba maji kichwani, wanaume wakachoma tofali. Mfadhili wa Ulaya akatoa bati na saruji. Ukutani pakaandikwa kwa rangi ya bluu: Zahanati ya Scolastika.

Mwaka 1993 ikaja habari kwamba mfadhili anakuja kutembea. Weee! Viongozi wa kijiji walivyohaha! Mgeni akute jina la marehemu asiyemjua? Si tutaonekana hatuna adabu! Wakapaka chokaa juu ya jina la Scolastika, wakaandika la mfadhili. Mkubwa mmoja akaletwa kuwa mgeni rasmi, akakata utepe, watu wakapiga makofi.

Mfadhili aliomba? Hakuomba! Damas, mtoto wa kiume wa Mama Generosa, alikuwepo siku hiyo. Ameniambia hivi: "Yule mzee aliuangalia ukuta, akamuuliza mkalimani, 'Mbona Scolastika simwoni? Kwetu nimewasimulia watu habari zake.'"

Basi si wangelirudisha? Thubutu! Kila mwaka Mama Generosa alikwenda ofisi ya kijiji. Shikamoo anapewa, kiti anapewa, na jibu ni lile lile: "Mama yetu, jina limezinduliwa na mgeni rasmi. Hatuwezi kulifuta mpaka aje mgeni rasmi mwingine."

Jamani, hiyo ni adabu gani? Mnamwogopa mtu aliyekuja na mkasi, halafu aliyetoa ardhi mnamzungusha mpaka anaingia kaburini!

Na jana, bila haya, wamemfuata Damas msibani na wazo jipya: wodi ya wazazi iitwe Generosa. Damas akawajibu, "Mama hakuwaomba jina lake. Aliwaomba la dada yangu."

Damas, na familia yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tunaosikiliza, kila mmoja kijijini kwake, tuangalie kuta zetu na tujiulize ni nani tumemfuta ili mgeni afurahi.

Na ninyi viongozi wa Chimelela, najua redio mnayo. Mazishi ni kesho, saa nane mchana. Jeneza litapita mbele ya zahanati. Mlisema mnamsubiri mgeni rasmi. Haya, ndiye huyo anakuja. Tafuteni rangi ya bluu.